Anataka Nimsainie Auze Nyumba Aliyomdhulumu Mama Yangu

Naomba mnifichie jina vizuri, maana Mbinga ni mji mdogo na wanaoujua mwandiko wangu ni wengi. Nina miaka hamsini na nne, ni mwalimu wa sekondari, sijaolewa, kwetu ni Mbaha, kule Ziwa Nyasa. Mnaotaka kuniambia "samehe, mwachie Mungu," someni mpaka mwisho kwanza. Vitabu vya msamaha nimesoma vingi kuliko wengi wenu.

Mama yangu alikuwa mjane. Miaka mingi alipandisha dagaa kutoka ziwani kuja kuuza Mbinga, na kwa kazi hiyo akajenga nyumba ya vyumba vitatu pembezoni mwa mji, enzi hizo pande zote ni mashamba ya kahawa. Kisha serikali ikaruhusu soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia, mji ukatanuka, watumishi wanaohamishiwa huku wakaanza kutafuta nyumba za kununua. Mtaa wetu ukawa wa kutamaniwa. Mmoja wa hao wanunuzi wa kahawa, nimwite Baba Devota, alikuja mara mbili kumwomba mama amuuzie. Mama akamjibu, "Mwanangu, hapa nitatoka na jeneza."

Haukupita muda, asubuhi moja mama akakuta alama kubwa ya X, rangi nyekundu, ukutani kwake. Maana yake mnaijua: uko kwenye hifadhi ya barabara, utabomolewa, na fidia hupati. Habari za lami ya kwenda ziwani zilikuwa midomoni mwa kila mtu, na mimi nilikuwa nafundisha Tunduru. Baba Devota akaja kumpa pole. "Mama, serikali haina huruma. Niachie mimi kwa bei ya matofali. Wakija, wanibomolee mimi." Mama akauza. Tena akamshukuru! Akamfungia samaki wakavu aina ya mbasa kwenye kikapu, akamwombea kanisani. Mwezi haukuisha, ukuta ukapakwa chokaa, na hakuna aliyekuja kubomoa hata choo.

Nilipokuja likizo nilienda kuuliza ofisi inayohusika. Wakasema hawajawahi kuweka alama yoyote mtaa ule. Nikamtafuta fundi rangi aliyeichora ile X, kijana wa Matiri aliyekuwa mgeni mjini wakati ule. Hakunizungusha. "Mwalimu, Baba Devota ndiye aliyenituma. Aliniambia nyumba ni yake, anataka kuwatisha wapangaji watoke." Lakini kwenda kutoa ushahidi akakataa katakata, na mama akanizuia, akisema ameuza kwa dole gumba lake mwenyewe. Tuliambiwa soko huria ni watu wawili kukubaliana bei. Hatukuambiwa kwamba mmoja anaruhusiwa kuja na brashi.

Mama alifia chumba cha kupanga, nyuma ya duka. Mwenye nyumba alisema hataki turubai uani kwake, kwa hiyo msiba tukauweka kwa watu. Nimekaa kwenye mkeka wa kuazima namlilia mama yangu, na Baba Devota yuko upande wa wanaume, kiti cha mbele, anasifia ukarimu wa marehemu.

Siku ile niliapa. Kiwanja kinachopakana na nyumba ile kilipouzwa, nikakopa nikakinunua, nikajenga. Watu walidhani nataka kuwa karibu na kumbukumbu za mama. Nilichotaka ni mpaka. Hapa kwetu nyumba haiuzwi mpaka majirani wa mipakani wasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Sasa Baba Devota amezeeka, figo zimeharibika, anataka kuuza ahamie Songea kwa binti yake, karibu na hospitali. Wanunuzi wawili wameshakimbia kwa sababu nimekataa kusaini. Wa tatu ni muuguzi aliyehamishiwa hapa, na nyumba ameipenda. Mwenyekiti akanijia: "Mwalimu, ni sahihi tu, hawakuombi figo." Nikamjibu, "Figo ningefikiria."

Akaja mzee mwenyewe, na mkongojo. Nikamtazama tu.

"Hata shikamoo, mwalimu?"

"Shikamoo yako mama kaenda nayo."

"Mambo ya zamani hayo, mwanangu."

"Basi yaseme. Simama kwenye mkutano wa mtaa, useme nani alimtuma fundi rangi. Nitasaini hapo hapo."

Akageuza mkongojo kuelekea mlangoni. "Niache nife na heshima yangu."

"Kufa nayo. Ila utafia humo ndani."

Siwafichi, siku ile nilikula nikashiba.

Juzi akaja Devota, ndiye huyo binti wa Songea, siku hizi yuko hapa kumuuguza. Nilimfundisha kidato cha pili. Ndiye anayemwogesha baba yake, ndiye anayempeleka hospitali. Kaka zake hata simu hawapokei. Kwake yeye, baba yule ni malaika. Akapiga magoti sebuleni kwangu. "Shikamoo, mwalimu. Baba hataki kusema alikukosea nini. Niambie mimi, nikuombe msamaha kwa niaba yake." Maneno yalinifika kwenye meno. Nikamwambia anipe mpaka Jumamosi. Ameniachia mkataba mezani. Majirani wengine wote wamesaini, imebaki nafasi yangu.

Nikisaini, mzee anaondoka na heshima yake, na mama anabaki yule mjinga aliyeuza nyumba kwa hofu. Nisiposaini, mzee anafia humo, na muuguzi asiye na kosa anakosa nyumba. Nikimwambia Devota ukweli, ninamnyang'anya mzee mtu pekee aliyebaki naye duniani, na kusema kweli hilo ndilo ninalolitamani kuliko yote.

Mtakaonihimiza nisamehe, nielezeni kwanza ninasamehe kosa gani, ikiwa mwenyewe hajalitaja. Jumamosi Devota atapiga hodi kwangu. Semeni ninyi: nimpe sahihi, au nimpe jibu?