Yasna wa Mitungi

Yasna Olguín aliuza gesi huku akirap, na hakujua kutenganisha kazi hizo mbili. Kila asubuhi alipanda ngazi za kilima cha Golondrina, juu ya bandari ya Valparaíso, mtungi begani, akiugonga kwa chuma, ta-ka-ta, ta-ka-ta, ili wenye majiko yaliyozimika watoke. Juu ya mdundo huo alimwaga mistari: bei ya mkate, mishahara kiduchu, na hasa lifti ya kilima, iliyoharibika ikamfungia mama yake nyumbani. Magoti ya mama huyo, Bi Uberlinda, hayakuziweza tena zile ngazi.

"Unauza gesi au unauza maneno?" mama alimchokoza.

"Maneno natoa bure, mama!"

Jumamosi moja kampuni ya lifti ilifanya sherehe chini ya kilima. Usidhani walikuwa wameitengeneza. Walikuwa wameipaka rangi! Njano ya kuumiza macho, pamoja na jukwaa na spika. Yasna aliomba nafasi ya kurap akapewa, maana walidhani ataisifu rangi.

Watu hawakuja. Nani ateremke ngazi zote zile kutazama rangi, halafu azipande tena? Meneja, Bwana Iturriaga, alivitazama viti vitupu akachekelea. "Mnaona? Hakuna anayelalamika. Jumatatu naandika kwamba lifti haihitajiki, ifungwe moja kwa moja."

Damu ilimchemka Yasna. Alishika maiki, akafika mstari wa pili, wakaizima. Basi akachomoa chuma kiunoni, akauendea mtungi wake uliojaa gesi pembeni ya jukwaa, akaugonga kwa hasira zote. Alitaka mdundo tu. Alisahau kabisa kwamba kilima kizima kikiusikia hujua gesi imefika.

Lo! Milango ikafunguka juu mpaka chini. Watu wakamiminika na mitungi mitupu, mzee Evaristo mbele, povu la kunyolea shavuni.

"Gesi iko wapi, binti?"

"Gesi baadaye, mzee! Sasa kuna meneja!"

"Meneja? Huyu huyu wa lifti?" Mzee akatua mtungi, akaanza kuugonga kwa ufunguo. Wote wakafuata. Kelele tamu ajabu! Yasna akapaa:

"Meneja kaja na suti, kashuka kwenye gari,
lifti imelala kutu, yeye hana habari!
Mama yangu na magoti, ngazi kwake ni hatari,
shuka huko jukwaani, twende juu kwa safari!"

"Panda! Panda!" watu wakaitikia.

"Jamani, ngazi ni mazoezi mazuri," meneja alijitetea.

Hapo ndipo alipojimaliza. Yasna alimtwika ule mtungi uliojaa, na kilima kizima kikamsindikiza kwa vicheko na midundo mpaka juu. Bi Uberlinda alifungua mlango, akamkuta mtu wa suti amejiinamia, jasho linatiririka, anahema.

"Pole, mwanangu," alisema, akamvutia kiti. "Kaa, unywe maji. Ukipata pumzi utuambie, mbele ya hawa wote, hiyo lifti inatembea lini."