Mgema Mwenye Damu Nzito

Jefwa Mangi alikuwa juu ya mnazi wa tisa asubuhi ile, kotama, kisu cha kugemea, kiunoni na kibuyu cha tembo mkononi, jicho lake la kushoto lilipozimika. Halikuuma. Lilifunikwa tu, kama pazia jeusi lililoshushwa kutoka juu. Kibuyu kikamponyoka, akakisikia kinapasuka chini, mbali sana. Akalikumbatia shina na kungoja. Baada ya dakika kama tano nuru ilirudi kidogo kidogo, naye akashuka, akipapasa kila kipandio kabla ya kukiamini.

Alikuwa na miaka arobaini na saba, na tangu ujana kazi yake ilikuwa kugema huku bara ya Kikambala. Kwa miezi mingi nyayo zilikuwa zikimwaka moto, vidole vimeiva vyekundu, hata atie miguu kwenye beseni la maji baridi ndipo apate nafuu. Alidhani ni uchovu wa kukwea.

La jicho hakumwambia mtu. Siku tatu alikwea na hofu yake peke yake. Siku ya nne, wakila chakula cha mchana, mkono wa kulia ulikataa kushika tonge. Akamtazama mkewe, Caroline, akataka kusema, kinywa kikatoa sauti isiyo neno.

"Baba Kadzo! Unanifanyia mzaha?"

Alipoona machozi yakimtoka mumewe, Caroline akakimbia kuita pikipiki. Ilipofika, mkono ulikuwa umeshaamka na ulimi umefunguka. Jefwa akasema ni mzima. Caroline akampakia vivyo hivyo.

Katika hospitali ya Kilifi damu yake ilipimwa, ikapimwa tena. Daktari Viola akavuta kiti karibu nao.

"Mzee Jefwa, katika damu mna chembe ndogo zinazoziba kidonda kisivuje. Kwa mtu wa kawaida, katika tone dogo tunalopima, hazizidi laki nne na nusu. Wewe unazo laki tisa na elfu themanini."

"Si heri damu ikiwa nyingi?" Caroline aliuliza.

"Si damu iliyozidi, mama. Ni chembe hizo tu. Zikizidi huganda ndani ya mishipa. Ndizo zilizofunga mkono wake, na lile jicho alilonieleza."

"Jicho gani?" Caroline akamgeukia mumewe.

Daktari akaendelea taratibu: ugonjwa unatoka kwenye uboho wa mifupa, huhesabiwa katika jamii ya saratani, lakini mtu akitunzwa huishi nao miaka mingi. Jefwa hakusikia chochote baada ya neno saratani.

Walimtoa uboho kwenye nyonga kwa sindano nene, wakathibitisha. Akapewa aspirini ndogo ya kila siku na kapsuli za haidroksiurea, akaambiwa arudi kupimwa damu kila wiki mbili, na asikwee. Caroline naye akaonywa asizishike kapsuli zile kwa mikono mitupu.

"Kitu ambacho mke wangu hafai kukigusa," Jefwa alisema wakiwa njiani, "mimi nakimeza."

Kuanzia hapo akawa mtu wa kujichungulia. Kila alfajiri alifunika jicho moja, kisha la pili, akiangalia bati la jirani kama bado liko. Wembe ukimkwaruza, hukaa akitazama damu: isipokoma anaogopa, ikikoma upesi anaogopa zaidi. Akisahau jina la mtu, moyo humdunda.

Mwezi wa tano wa kumeza dawa, chembe zilishuka hadi laki nne na elfu kumi. Nyayo zikaacha kuwaka.

"Hatari imepungua, haijaisha," alisema Daktari Viola. "Minazi, mimi sikushauri."

Siku iliyofuata Jefwa alienda kwenye mnazi mfupi kuliko yote, akakanyaga kipandio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akabaki pale, juu kidogo tu ya ardhi, jasho likimtiririka, kisha akashuka.

Caroline alikuwa amesimama mlango wa jikoni, ameona yote.

"Njoo unywe chai," akamwambia.

Siku hizi minazi yake inagemwa na Chengo, mtoto wa nduguye, naye Jefwa husuka makuti chini ya kivuli. Dawa hakosi hata siku moja. Lakini kule kliniki, jina lake linapoitwa kupokea majibu, miguu bado humgomea, na Caroline ndiye hutangulia kuingia.