Lori Lililokataa Kilima

Mwaka wa tatu baada ya uhuru wa Madagaska, Fahardine alikuwa fundi pekee wa kiwanda cha mafuta ya langilangi juu ya kijiji cha Ambanoro, kisiwani Nosy Be. Alizaliwa Mahajanga, bandari ya bara, mtaa wa Ampisikina, kwa wazazi wa Kikomoro, akajifunza ufundi kwa kumshikia spana Mfaransa mmoja ambaye siku moja alifunga sanduku lake akarudi kwao. Tangu hapo kila kilichoharibika kilikuwa mzigo wa Fahardine. Mkewe, Oumi, alikuwa mchumaji wa maua katika shamba la kiwanda hichohicho, nao walikuwa na binti mmoja, Zalia.

Kiwanda kilikuwa na lori moja tu. Langilangi huchumwa alfajiri, na maua yasipofika kwenye pipa la kuchemshia kabla jua halijakuwa kali, huwa meusi na mafuta yake hayafai.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, lori lilisimama katikati ya kilima na vikapu vyake vya maua. Msaidié, dereva, alikuwa amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ilinguruma ikatetemesha milango, lakini magurudumu yalijikokota hatua chache, kisha yakaanza kurudi nyuma.

"Petroli haifiki, fundi," alisema Msaidié.

Fahardine alimsadiki. Alifungua kabureta, akaisafisha, akapuliza mirija mmoja baada ya mwingine. Saa nne ilipofika maua yalikuwa yameshasinyaa, na Oumi na wenzake walikuwa wameketi kando ya barabara wakimtazama. Ndipo alipoona upumbavu wake. Injini iliyokosa petroli hukohoa na kuzimika. Hii haikukohoa hata kidogo. Nguvu ilikuwepo, ila haikuyafikia magurudumu.

Walilisukuma mpaka kwenye tambarare. Fahardine alivuta breki ya mkono, akatia gia ya tatu, akaachia klachi polepole. Klachi nzima ingeizima injini papo hapo. Injini iliendelea kunguruma kana kwamba haikuunganishwa na kitu, na harufu ya kuungua ikapanda kutoka chini ya miguu yake.

"Klachi imekufa," alisema.

Alianza na lililo rahisi, kulegeza kamba ya klachi, huenda ilikuwa imekaza mno. Haikusaidia. Basi akashusha giaboksi kwa mnyororo na gogo. Alipoitoa sahani ya klachi, aliikuta imelowa mafuta ya injini, na kitambaa chake cha kukamata kimelika hadi ribiti, vijimisumari vinavyokishikilia, zikaonekana. Kizibo cha nyuma ya injini kilikuwa kikivuja, labda kwa miezi mingi, na yeye hakujua. Aliiosha sahani kwa petroli, akaikwangua, akairudisha. Lori lilitembea siku mbili. Siku ya tatu lilikataa tena.

Msimamizi wa kiwanda, Zoubeiri, alikodi mikokoteni ya ng'ombe. Mikokoteni ilichelewa kila siku, na kila siku sehemu ya maua ilitupwa.

"Nipe ruhusa niende Mahajanga, Bwana Zoubeiri," Fahardine alimwomba. "Nitapata kitambaa na kizibo."

"Nenda. Lakini usikawie."

Alikawia. Meli ya pwani ilimchukua siku tatu. Mahajanga alizunguka na ile sahani ndani ya gunia, duka hadi duka, na kila alipoitoa aliambiwa hakuna ya kipimo hicho, labda meli ijayo kutoka Ulaya. Alilala kwa dada yake Hayrat, Ampisikina, na hakuwa na hamu hata ya kumwamkia jirani. Siku ya tano alielekezwa kwa mzee Hamidou, aliyetengeneza breki za malori bandarini. Hamidou alikata kitambaa kipya, akakipigilia ribiti moja moja, akampa na kamba ya kuzibia iliyolowekwa shahamu.

"Ukitia kitambaa bila kuziba mafuta, utarudi kwangu," alisema.

"Sitarudi," Fahardine alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu lori lisimame alicheka.

Alipofika Ambanoro, siku kumi na tatu zilikuwa zimepita. Pipa la kuchemshia lilikuwa baridi. Zoubeiri hakumtazama machoni.

"Mwenye kiwanda ameandika. Maua yametupwa mno, anafunga kiwanda. Lori limepata mnunuzi bara, ila analitaka likitembea."

Jioni hiyo Oumi alimwambia, "Liache lioze palepale, Baba Zalia. Wametufukuza, nawe unawatengenezea?"

Fahardine aliwasha taa akatafuta spana zake. Alijua tu kwamba gari lililomharibikia mbele ya watu hangeweza kuliacha hivyo. Alifanya kazi siku tatu. Alifungua injini kwa chini, akatia kamba mpya ya kuzibia, akasafisha kila tone la mafuta, akafunga sahani, akapandisha giaboksi. Alipojaribu kwa breki na gia ya tatu, injini ilizimika mara moja.

Yeye mwenyewe aliliendesha hadi bandarini Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa. Njiani lilipanda kila mwinuko bila kusita, na Msaidié kando yake akasema, "Halikupanda hivi hata lilipokuwa jipya." Fahardine alitia gia ya juu. Winchi ililiinua, ikalitua ndani ya jahazi la mizigo, na karani akamwomba ufunguo.

Baada ya hapo aliziba matairi ya baiskeli karibu na soko la Hell-Ville. Oumi alikwenda kisiwa jirani cha Nosy Komba kwa shangazi yake, kudarizi vitambaa vya meza. Alikuwa akirudi kila Ijumaa, kisha kila mwezi, kisha akamchukua na binti yao Zalia, asirudi tena. Fahardine alibaki na sanduku la spana ambazo hazikuwa na gari la kufungua. Watu walipomuuliza kazi yake, alisema bado ni fundi, lakini alisema kwa sauti ndogo, akitazama mikono yake.