Kilele cha Jumamosi

Sirkku Tervahauta amekaa meza ya kushoto kwangu miaka kumi na tisa, na sijawahi kumwona akila chakula cha mchana bila kuangalia grafu. Mkono mmoja umeshika mkate mweusi, mwingine uko kwenye kipanya cha kompyuta. Kampuni yetu ni ndogo. Tunasambaza umeme kwenye vijiji vya mkoa wa Kainuu, huku kwenye misonobari mingi kuliko watu, na kazi yetu sisi wawili ni kuhakikisha kila mita imesema umeme uliotumika kila robo saa. Ikifika siku ya kumi na tatu tangu umeme utumike, hesabu za soko la umeme zinafungwa kwa nchi zote za huku kaskazini, na kilichoandikwa kimeandikwa. Watu wanasema ni kazi ya kuchosha. Mimi nakubaliana nao. Sirkku hakubali.

"Hebu mwone huyu," ananiambia, huku anaivuta grafu karibu. "Saa kumi alfajiri anachemsha kahawa. Huyu ana ng'ombe."

"Au ana mume anayekoroma."

"Mwenye mume anayekoroma hachemshi kahawa, Eila. Angeshahama."

Baba yake, mzee Oiva, aliishi peke yake kilomita themanini kutoka hapa. Simu alikuwa haipendi kabisa. Ukimpigia anaitika "Naam," kisha ananyamaza anasubiri umalize yako akate. Miaka mitatu iliyopita Sirkku alimshawishi aache kupasua kuni, akamwekea jiko la umeme kwenye sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke, na mzee akanuna mwezi mzima. Kununa kulipokwisha, akampa binti yake namba ya siri ya ukurasa wake wa mteja.

"Usinisumbue na simu," akamwambia. "Jumamosi ukiona nimewasha sauna, ujue mimi mzima. Usipoona, njoo."

Basi ikawa hivyo. Kila Jumapili asubuhi Sirkku anafungua simu yake na kuitazama Jumamosi ya baba yake: nguzo za grafu fupifupi mchana kutwa, halafu saa kumi jioni jiko linawashwa na nguzo zinapanda juu, saa nzima na nusu. Jumatatu akifika kazini ananiambia, "Mzee ameoga." Mimi nilikuwa namcheka. Nyie watu, nilimwambia, si umpigie tu baba yako mzungumze?

"Atasema nini?" akanijibu. "Hii inasema yote."

Mwishoni mwa Oktoba ikaanguka theluji nzito yenye maji, ile inayovunja matawi. Umeme haukukatika, ila mnara wa mawasiliano wa upande ule ulizima tangu Ijumaa, mita zikashindwa kutuma chochote. Sasa mfumo wetu hauachi pengo. Mita ikinyamaza, unachukua wiki zilizopita na kujaza makadirio. Kwenye kompyuta zetu za kazini makadirio yana rangi ya kijivu, na kilichopimwa kweli ni bluu. Kwenye simu ya mteja vyote vina rangi moja, mpaka uiguse nguzo ndipo ikwambie. Sirkku analijua hilo kuliko mtu yeyote. Ameshaandika barua mbili kulilalamikia.

Jumapili ile alifungua simu, akakiona kilele cha saa kumi jioni kimesimama vizuri, akafurahi. Hakugusa nguzo. Nani anagusa akishafurahi?

"Mzee ameoga," akaniambia Jumatatu. Kisha akafungua grafu ya eneo lote, akachagua kila penye kijivu, mita mia moja na kumi na mbili, akazipakua kwenye faili na kuwatumia mafundi. Kwenye faili zile hakuna majina, ni namba tu. Mimi nilikuwa pembeni nakula mkate wake wa iliki. Nilijua mzee anakaa upande uleule. Haikunijia akilini, na mpaka leo sijajisamehe.

Jumatano mchana mnara ukarudi. Data ikaanza kumiminika, kijivu kinageuka bluu, na kwa mazoea tu Sirkku akafungua mita ya baba yake.

"Eila," akasema. "Fungua na wewe kwako. Mita ya baba."

Nikafungua. Jumamosi asubuhi palikuwa na kahawa. Saa kumi jioni hapakuwa na kitu.

Akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akampigia Kauko, jirani mwenye ufunguo. Kauko alimkuta mzee sakafuni, kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna, nyonga imevunjika, taulo begani. Alikuwa ameshakufa. Alianguka kabla hajafika kwenye swichi ya jiko.

Kesho yake Sirkku alinipigia. "Daktari anasema huenda haikuchukua muda," akaniambia. "Amesema hivyo, Eila. Haikuchukua muda." Akalirudia mara tatu. "Na mita ya baba usiiguse. Nitaifunga mwenyewe."

Sikuigusa, ila niliitazama. Laiti nisingeitazama. Niliivuta karibu, nikaona friji, vinguzo vidogo vinavyolingana, vinakuja na kwenda. Na katikati yake, Jumapili asubuhi, nguzo moja nyembamba ndefu. Nyingine Jumapili jioni. Nyingine Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi. Baada ya hapo ni friji tu.

Ile ni pampu ya kisima. Haiwaki mpaka mtu afungue bomba, na kwenye chumba kile bomba la kujazia ndoo liko chini, karibu na sakafu. Niliwahi kualikwa, nililiona. Jumatatu saa tatu na robo mzee Oiva alikuwa anakunywa maji. Saa hiyohiyo binti yake alikuwa anapakua namba ya mita yake, na mimi natafuna mkate. Nililia palepale mezani, sikujali nani ananiona.

Alhamisi iliyofuata, siku ya kumi na mbili tangu Jumamosi ile, mazishi bado, Sirkku alikuja kazini. Amekonda. Hakuvua hata koti. Alifungua mita ya baba yake, akaifuta ile Jumamosi ya kijivu iliyobaki kwenye hesabu za soko, akaweka ya bluu. Nikadhani amemaliza. Akaivuta Jumapili karibu. Akaivuta Jumatatu.

"Hii nini?" akaniuliza, kidole kipo pale.

"Friji," nikasema.

Yeye ndiye aliyenifundisha, wiki yangu ya kwanza kazini, kutofautisha friji na pampu. Alinitazama usoni muda mrefu, nami sikuweza kumwangalia.

"Friji," akasema. "La zamani lile. Linahangaika sana."

Akabonyeza kuthibitisha. Kisha akaushika mkono wangu chini ya meza, akaubana mpaka ukauma, na hakuuachia.