Binti Yangu Aliumwa Sikio, Mie Nikampigia Makofi

Mie ni mjinga. Naanza na hilo ili msihangaike kulitafuta huko katikati. Tena si mjinga wa kuonewa huruma. Ni mjinga wa kujitakia, aliyeambiwa na watu wenye akili zao, akawacheka!

Jina langu liacheni. Binti yangu nitamwita Zuwena, ingawa si jina lake. Ana miaka minne na sikio moja linalosikia vizuri. Alizaliwa na mawili.

Shule niliacha darasa la sita, kwetu kusini. Hakunifukuza mtu. Lilipita lori la korosho, dereva akasema kuna nafasi nyuma, nikapanda kuona linakokwenda. Tangu hapo nimepiga msasa vitanda Keko, nimekaanga chipsi Manzese, nimeuza makava ya simu, nimevunja kokoto Boko. Sikai mahali nikatulia. Na kila nilipofika niliuliza. Kwa nini saruji ikimwagiwa maji inapata joto? Nani aliamua kitanda kiwe futi sita? Bosi mmoja wa Keko alinitimua kwa hilo. "We kijana unauliza kama polisi," akasema, "na mie sijaiba."

Zuwena alinirithi. Alipoanza kuongea hakukuwa na kulala. Baba, mbu mchana wanalala wapi? Baba, bajaji ikikanyaga kivuli changu nitaumia? Nilikuwa najibu hata nisichokijua. Raha niliyokuwa nayo siku hizo sikuijua kama ni raha.

Tulipanga Keko, na hatua chache kutoka kwetu kulikuwa na chekechea ya Mama Upendo, mama wa Kinyakyusa aliyestaafu ualimu. Chekechea yenyewe ni baraza lake. Mkeka, sufuria la uji, ndoo ya vizibo vya soda vya kuhesabia, na watoto wanaoongea wote kwa pamoja kama kuku wamemwona mwewe. Zuwena alikuwa anarudi na vumbi hadi kwenye kope, anasimulia mpaka usingizi unamkata katikati ya neno.

Mie nikaona hiyo si shule. Ni mahali pa kuwekea watoto.

Basi siku moja, kutoka karakana niliyokuwa nafanyia kazi wakati huo, tukapeleka viti vidogo kwenye shule ya awali moja huko Boko. Viti vya watoto, vimepakwa rangi nne, nilivipiga msasa mwenyewe. Tukaingia getini. Jamani! Ukuta umechorwa twiga amevaa miwani. Majani ya plastiki. Bembea tatu. Watoto wamevaa soksi nyeupe mpaka magotini, wamekaa kimya, hakuna hata anayejikuna. Katoto kamoja kakasimama mbele yangu, kakasema, "Good morning, visitor."

Mie nikaitika, "Marahaba."

Dereva aliyetubebea viti alicheka mpaka akaegemea gari. Mie sikucheka. Nilisikia aibu hadi kwenye nyayo. Nikasema moyoni, mwanangu hatakuja kuitika marahaba mbele za watu kama baba yake.

Mwenye shule wanamwita Madam. Nilirudi kumwona nikiwa nimevaa shati la kuazima. Akanitembeza, akanionyesha bembea, akanionyesha bwawa la kuogelea, ambalo ni lile la kujaza upepo. Kisha akaniambia, "Hapa Kiswahili tunakiacha getini, baba. Na nyumbani pia. Mzazi akiongea Kiswahili na mtoto, anabomoa tunachojenga."

Mie ninayeuliza mpaka mambo ya kitanda, siku hiyo sikuuliza swali hata moja! Nilitikisa kichwa kama mjusi.

Mama Upendo sikumuaga kwa adabu. Nilimkuta barazani na wazazi wengine wanachukua watoto, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mwanangu hakuja mjini kuhesabu vizibo."

"Sawa, baba," akanijibu. "Mwambie basi Zuwena aje aage wenzake."

Sikumleta.

Tukahamia Boko, chumba cha uani, nikaanza kuvunja kokoto ili kulipa ada. Mke wangu hakutaka. "Baba Zuwena," akaniuliza tukiwa tunafunga godoro, "hicho Kiingereza cha nyumbani tutakitoa wapi? Tukaazime kwa jirani kama chumvi?"

Nikamwambia mawazo hayo ndiyo yanayowarudisha watu nyuma. Mie nilisema hivyo! Mtu wa darasa la sita!

Hebu niwaambie pia kuhusu wazazi wenzangu wa pale getini. Walinionea kinyaa kwa sababu ya kandambili, lakini tulikuwa ukoo mmoja. Muulize mmoja wao mtoto wake anajifunza nini, atakujibu wana bembea. Muulize mwalimu anaitwa nani, atakujibu wana sare ya Ijumaa. Wanachagua shule kama wanachagua pazia, lifanane na kochi. Na mie nisiye na kochi nikachagua pazia lile lile.

Nyumbani nikapitisha sheria: Kiswahili marufuku. Kiingereza changu chote kilikuwa kam, siti, iti, no na verigudi. Kwa maneno hayo matano nikaamua kulea mtoto. Akisogea kwenye jiko, "No!" Akiuliza kwa Kiswahili kwa nini moto una rangi mbili, "No! No!" Akisahau tena, namwonyesha adhabu ya shuleni kwao: kidole mdomoni, simama hapo, mpaka niseme basi.

Maswali yakaisha. Nyumba ikawa kimya. Mke wangu alikuwa anamnong'oneza mtoto bafuni wakati wa kumwogesha, wanawake wawili kama wanaopitisha magendo. Na mie nikikaa kwenye stuli yangu nasema moyoni, hii ndiyo nidhamu. Tumefika.

Sasa nakuja penyewe.

Shuleni walikuwa wanabandika choroko kwenye karatasi kwa gundi, kutengeneza picha ya samaki. Punje moja Zuwena aliitia sikioni. Watoto ndivyo walivyo, kila tundu wanataka kulijaza. Mie sikujua. Nilichokijua ni kwamba jioni alikuja akasimama mbele yangu, kichwa kimeinama upande, kiganja kimefunika sikio. Kwa mkono wa pili alikuwa ameweka kidole mdomoni, kabisa, kabla hata sijamwadhibu.

Akatoa kidole. "Ear," akasema.

Nikaruka! "Verigudi!"

"Ear, Daddy."

"Verigudi, Zuwena! Na hii?" Nikamshika pua.

"Nose." Halafu akarudisha mkono pale pale. "Ear. Ear. Ear."

Nikachukua simu nikamrekodi. Nikampigia makofi. Nikamwita mpangaji wa chumba cha pili aje asikie, naye akapiga makofi. Machozi niliyaona, msidhani sikuyaona! Nilijiambia mtoto anaona haya kamera. Mtoto wa miaka minne anatafuta kwenye lugha ya watu neno moja la kumwokoa, amelipata, amelisema mara tano, na baba yake anamwuliza na hii inaitwaje!

Nikaiweka ile video kwenye stetasi. Watu wakatuma mioyo na mioto. Mjomba mmoja akaandika, "Huyo daktari kabisa." Nikalala nacheka.

Asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti wa Mama Upendo. Bado alikuwa na namba yangu. "Baba Zuwena, habari za huko. Samahani kwa kuingilia yasiyonihusu. Huyo mtoto hajibu somo. Anaumwa. Angalia anavyolaza kichwa. Mpelekeni akaangaliwe sikio, mwanangu, leo leo."

Mnajua nilimjibu nini? "Mama, endelea na vizibo vyako." Nikamblok.

Nilihesabu kuwa ni wivu. Mke wangu aliposema mtoto ana joto na hataki kulalia upande mmoja, nikamwambia na yeye aache ushamba, nikanunua dawa ya maji ya kushusha homa, yenye ladha ya matunda. Zuwena akaendelea kwenda shule. Baadaye dada mmoja anayewavusha watoto barabara alimwambia mke wangu kwamba mtoto alisema "sikio linaniuma" darasani. Akasimamishwa ukutani, kidole mdomoni. Alikuwa amevunja sheria.

Siku zikapita. Ikaja harufu. Nikadhani ni panya amekufa kwenye dari, nikapanda kumtafuta. Mie nipo darini na tochi, mtoto yupo chini anaoza sikio! Mke wangu hakuniita nishuke. Alimbeba mgongoni akaondoka, kwanza zahanati, wakampa rufaa kwenda hospitali kubwa. Nikawafuata huko.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Akachuchumaa. "Mamaa, niambie, wapi panauma?"

Zuwena hakumwangalia daktari. Aliniangalia mie. Akaweka kidole mdomoni.

"Mwambie, mwanangu," nikasema. "Sema tu."

Hakusema. Mke wangu akageukia ukutani. Daktari akachukua tochi, akainama kuliangalia sikio mwenyewe.

Choroko ilikuwa imevimba kama njegere na usaha umeizunguka. Waliitoa kwa kumlaza usingizi. Ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka, na ndani kumeharibika zaidi ya hapo. "Mngemleta siku ile ile," daktari akasema, "ningeitoa hapa hapa mmesimama, mkaenda kunywa soda." Sikio hilo sasa linasikia mlango ukibamizwa. Mtu akiongea halisikii.

Nikaenda Boko kumtolea Madam maneno. Nilikuwa nimeyapanga njiani, makali kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kuzunguka.

"Baba," akasema, "sisi tulimfundisha kusema ear. Na alisema. Niliona kwenye stetasi yako."

Mama yule sina heshima naye hata chembe, mfanyabiashara wa soksi. Angeweza kumsikiliza mtoto mwenyewe, kwa lugha yoyote, badala ya kumpanga ukutani kama bango. Lakini stetasi ilikuwa yangu. Nilitoka nikapita kwenye vile viti vidogo, rangi yake hata haijachubuka.

Mke wangu alirudi Keko na mtoto. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Baba Zuwena, wewe kaa na Kiingereza chako. Sie tunakwenda kuongea." Siku hizi naruhusiwa kwenda Jumapili. Mama Upendo alimpokea mtoto kana kwamba alikuwa ametumwa dukani. Anamkalisha mbele, upande wa sikio zima. Mie ananisalimia vizuri, ananipa uji, na hanitupii neno. Hilo linaniuma kuliko angenitukana.

Jumapili iliyopita nilifika mapema. Nikamsikia Zuwena kabla sijamwona, yupo nyuma ya nyumba ya Mama Upendo na mwenzake kwenye maranda ya mafundi. Anauliza! Anauliza mti ukikatwa unajuaje kuwa umekuwa kabati. Nilisimama pale njiani nimeshika mfuko wa machungwa. Nikasema, amerudi, mwanangu amerudi.

Nikazunguka nyumba. Akaniona, akanyamaza. Alikuwa anatoka damu kiganjani, amechomwa na kibanzi cha mbao, kinaonekana kabisa. Mkono akauficha nyuma ya mgongo.

"Umefanya nini, mama? Nionyeshe."

Akatikisa kichwa. Akanyoosha mgongo kama vile walivyofundishwa.

"Nothing, Daddy," akasema.

Kiingereza safi. Nimekilipia mwenyewe. Kisha akakimbia kwa Mama Upendo, na nikamsikia huko barazani akilia na kueleza kwa Kiswahili kirefu, kila kitu, kibanzi kimeingilia wapi na kinauma namna gani.

Haya, nyie mnaozunguka sasa hivi kutafutia watoto shule. Mie si mtu wa kufundisha watu, lakini hili nimelinunua ghali. Bembea haina kazi, twiga wa ukutani hana kazi. Simama dirishani usikilize. Kama darasa la watoto wadogo liko kimya, usijidanganye ni nidhamu. Hao wamefungwa. Mshike mwanao mkono muondoke, hata kama umeshanunua soksi. Subiri pale mpaka umsikie mtoto mmoja anamkatiza mwalimu kwa swali la kipuuzi, na mwalimu anaacha alichokuwa anafanya, anamjibu. Usipolisikia, hapo si shule.

Na ukifika nyumbani, mtoto akija amejishika mahali, usimpigie makofi. Funga domo lako wewe, uiname, umwangalie.