Dirisha Lililozungushiwa Kalamu Nyekundu

Wiki niliyohamia mji huu wa kale wa Ujerumani, nililiona lile jengo la kwenye kalenda ya baba, na ghadhabu ikanipanda.

Alasiri moja ya utotoni, kule kwetu, tulikuwa tumetoka mtaa wa kitajiri wa Kinindo kuhamia chumba kimoja mtaa wa Buyenzi, nyuma ya gereji iliyonuka oili na mpira ulioungua. Kabla mkeka haujatandikwa, nilitundika kalenda ambayo baba alitutumia kutoka huku. Dirisha moja la jengo la pichani alikuwa amelizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni: ndiyo nyumba yetu, anaitengeneza, atatuita.

“We, toa nguo mu sanduku,” mama aliniambia.

“Apana, mama. Si tunahama tena?”

Mama aligeukia ukuta, akapigilia msumari usio na cha kutundikwa. Nilidhani ana haraka ya kuhama kama mimi.

Jengo lile ni ghala la chumvi la zamani. Mlinzi wa hapo aliniambia hakuna familia iliyowahi kuishi humo. Baba alizungushia tu dirisha lililokuwa karibu na kalamu yake. Nami nguo zangu zilikaa sandukuni mpaka zikanibana, mama akawagawia watoto wa jirani, zikiwa bado na mikunjo ya pasi ya Kinindo.