Mtamba Mmoja, Kamera Mbili

Mwenye duka la Mwanza aliniruhusu nikae na kamera zote mbili kwa siku saba, kisha nirudishe moja. Zote zilikuwa za bei ya kati, za aina hii mpya isiyo na kioo ndani, na zote zilisifiwa kwamba zinapiga picha na video kwa ubora uleule. Nina studio ndogo Bariadi: picha za pasipoti siku za kazi, harusi mwisho wa juma. Kazi hii nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma vijitabu vya maelekezo mpaka ukurasa wa mwisho, ule unaokataza kumeza betri.

Nilichora jedwali kwenye daftari: ukali wa picha, mtikisiko, joto, kasi ya kufuata kitu kinachotembea. Kisha nikazifunga kamera zote kwenye ubao mmoja juu ya stendi, moja kulia, nyingine kushoto, ili zitazame kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kilichobaki ni kupata kitu cha kutazama.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Zagayu, alikuwa anatafuta kuoa binti wa kijiji cha Nyalikungu. Upande wa binti waliomba waonyeshwe ng'ombe wa mahari kwenye simu kabla ya kuja kuwakagua. Nikaenda na stendi yangu. Mpwa alisimama kando ya mtamba wa mbele, mzuri kuliko wote, mkono begani mwake, amevaa koti kwenye jua la saa nne. Nilirekodi dakika tatu. Kwa kuwa nilitaka pia kujua ni video ipi inabaki safi ikishapita kwenye simu, nilituma zote mbili.

Jioni mshenga alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka msibani.

"Wamemwona mtamba mwekundu," alisema. "Halafu wamemwona mtamba wa rangi ya udongo. Kijana ni yuleyule, koti lilelile, zizi lilelile. Wanauliza yupi ni wa mahari na yupi mmemwazima wa kuonyesha."

"Ni mmoja!"

"Basi waambie wewe. Kesho kutwa wanakuja. Wakikuta mmewachezea, binti harudi kwenye mazungumzo haya tena."

Mpwa wangu hakula usiku ule wala kesho yake. Alikuwa amemsubiri binti yule miaka miwili, na sasa alikuwa anampoteza kwa sababu ya jedwali langu.

Walikuja wawili, baba wa binti na dada yake huyo baba. Baada ya salamu za "Mwadila" na maji ya kunywa, nilifungua daftari. Nikaeleza kwamba kila kamera hukisia yenyewe weupe ni upi, na kutokana na hapo hupanga rangi nyingine zote. Nikaonyesha safu ya tano na ya sita, za rangi, nilizoziongeza baada ya simu ya mshenga. Baba wa binti alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Ngosha," alisema, "mimi nimechunga tangu sijavaa kaptula. Unanisomea rangi ya ng'ombe kwenye daftari?"

Akainuka, akaingia zizini, akaniita niingie na mashine zangu. Aliniamuru nisimame nyuma ya mtamba, mikono nimeinyoosha, kila mkono kamera moja, vioo vya nyuma vikimwelekea yeye na video zikicheza. Nilizishika zilivyokuwa kwenye ubao, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto, maana utaratibu ni utaratibu. Alitazama kulia, akatazama ng'ombe, akatazama kushoto, akatazama ng'ombe. Mtamba alinikojolea kiatu.

Kisha akainama kwenye kioo cha kulia, akahesabu kwa kidole: pembe iliyopinda kidogo, alama ya kukatwa sikioni, kovu la kamba shingoni. Akahamia kushoto, akahesabu tena. Mwisho akamshika mtamba mwenyewe sikio.

"Ng'ombe ni mmoja," alisema. "Mwongo yuko mkononi mwako."

"Mkono upi?" dada yake aliuliza.

"Wa kulia. Huyu amepakwa wekundu."

Ilikuwa kweli. Kamera ya kulia ndiyo niliyokuwa nimeipa ushindi, kwa ukali wa picha na kwa kufuata kitu. Na kitu ilichokifuata, shangazi wa binti ndiye aliyekigundua. Alisogeza uso kwenye kioo.

"Na huu ukungu kando ya ng'ombe ni nani?"

"Ndiye bwana harusi, mayu," nilisema. Kamera ile ilikuwa imeng'ang'ania jicho la mtamba dakika zote tatu na kumwacha mpwa wangu avurugike.

"Ha! Mashine inajua kilichotuleta."

Baba wa binti alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Kisha akamgeukia mpwa wangu, aliyesimama nje ya ua, akamwambia aende akamwite mshenga, wapange siku. Mpwa alikimbia na kuliacha koti lake kwenye mwiba.

Kabla ya kuondoka, mzee alinivuta kando.

"Nitolee picha ya huyu mtamba. Kubwa, ya kutundika sebuleni. Kutoka kwenye ile ya kulia."

"Ile ya uongo, baba?"

"Wa kweli nitakuwa naye zizini."

Nikamuuliza kama nimkate yule kijana asiyeonekana vizuri. Alifikiri kidogo.

"Mwache. Asije kesho akasema hakuwepo."

Siku ya saba nilipanda basi kwenda Mwanza, nikarudisha kamera ya kushoto.